AFYA YA NYUMBANI: Jino Lililovunjika Lising'olewe kwa Haraka



Wahenga walisema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Mithali hiyo hutumiwa kwa mambo mengi ya maisha, lakini mwezi huu twataka kuitumia kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani meno yenyewe. Mtu aliyepoteza jino aweza kutengenezewa jingine, nalo likapendeza kwa mbali; walakini halitafuni kama lile la asili, wala halikai kinywani kama lile lililoota lenyewe. Jambo hilo kila mtu alijua. Hata hivyo katika nyumba zetu nyingi za Ufipa, toka Sumbawanga mjini na Matai na Laela hata vijiji vya chini kando ya Ziwa Rukwa na vile vya pwani ya Tanganyika, jino likiuma au likivunjika shauri huwa moja tu: ling'olewe. Na sisi twasema ya kwamba shauri hilo mara nyingi ni la haraka mno.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ametuuliza swali ambalo huulizwa na wengi. Katika darasa lake yumo msichana aliyeanguka juu ya mawe akiwa amebeba ndoo ya maji, na jino lake la mbele likavunjika nusu. Tangu siku ile mtoto huyo hufunika kinywa kwa mkono akisema. Akiitwa kusoma kwa sauti husimama kimya. Na wenziwe wamempa jina la kumdhihaki. Baba yake aona kwamba kipande kilichosalia king'olewe, kisije kikamletea maradhi. Mama yake hataki, maana aogopa binti atabaki na pengo mbele hata siku ya kuolewa. Mwalimu auliza, ni yupi kati yao aliye na haki?

Twajibu bila kusitasita: mama ana haki. Lakini yafaa tueleze sababu, ili wazazi na walimu wengine nao wapate kujua la kufanya.

Jino si mfupa mtupu. Lina tabaka tatu. La nje ni gamba jeupe, gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa mtu. Gamba hilo halina hisia, nalo likivunjika haliwezi kuota tena. Chini yake kuna tabaka la rangi ya manjano, laini kuliko gamba, nalo lina vijitundu vidogo mno vinavyopeleka habari ya baridi na joto ndani. Na katikati kabisa kuna moyo wa jino, wenye damu na mishipa ya fahamu. Basi, jino likivunjika, litazameni vizuri penye mwanga. Ikiwa limemeguka gamba tu, halitauma, ila litakuwa na makali yanayokata ulimi. Hilo hutengenezwa kwa wepesi. Ikiwa manjano yaonekana, mtoto atalalamika akinywa maji ya baridi, na hasa kwetu huku juu katika miezi ya Juni na Julai. Huyo apelekwe kwa mganga wa meno katika siku chache. Ikiwa nukta nyekundu yaonekana katikati, au damu yatoka ndani ya jino lenyewe, moyo wa jino umefunuliwa. Huyo apelekwe siku ile ile au siku ya pili yake. Hata hapo jino halijafa. Mganga aweza kuufunika moyo wake kwa dawa, au kuusafisha na kuujaza mzizi, kisha akalitengeneza jino likabaki mahali pake miaka mingi.

Kwa nini twashikilia sana ya kwamba libaki? Kwa sababu jino likiondoka, mfupa wa taya uliolishika huanza kupungua. Meno ya jirani huinama kulielekea pengo. Na jino la kupachika halina budi kutengenezwa upya kila mtoto anapokua na taya lake kubadilika. Jino lililosalia nusu ni nguzo inayoshika mahali pake. Mtu mwenye akili hang'oi nguzo ya nyumba kwa sababu imemeguka juu.

Sasa twawaambia walimu, maana wao ndio walio karibu na watoto wakati wa michezo. Mtoto akivunja jino, kitafuteni kipande kilichoanguka. Kikipatikana, kisisuguliwe wala kisifungwe katika karatasi kikakauka. Kitiwe katika maziwa mabichi yaliyo safi, au katika maji safi kama maziwa hayapo, nacho kipelekwe pamoja na mtoto. Mara nyingi mganga aweza kukibandika kipande kile kile mahali pake.

Na kama jino zima la ukubwani limeng'oka na mzizi wake, kila dakika ina thamani. Lishikeni kwa sehemu nyeupe inayoonekana kinywani, msiguse mzizi. Kama limeingia mchanga, lisuuzeni kidogo tu, bila kusugua. Kisha lirudisheni katika shimo lake, sehemu nyeupe ikitazama kama meno mengine, na mtoto aume kitambaa safi ili lisitoke. Kama mtoto aogopa au haiwezekani, litieni katika maziwa mabichi. Mtindi haufai, wala maji si mazuri kwa jino zima lenye mzizi. Jino lililorudishwa katika nusu saa lina tumaini kubwa. Likikaa kavu saa nzima, tumaini limepungua sana. Lakini jino la utotoni likiwa limeng'oka lisirudishwe, lisije likaharibu jino la ukubwani linalongoja chini yake. Tena mtoto aliyeumia juu ya ardhi aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda.

Huenda mtu akauliza, "Jino lililovunjika litatengenezwaje? Je, laweza kuungwa kama chungu?" Naam, lakini kwa namna ambayo chungu hakipati. Dawa itumikayo huitwa kompositi. Ni utomvu mzito uliochanganywa na unga laini wa kioo, nao hufanywa kwa rangi nyingi za meno, nyeupe na za manjano, ili mganga achague ile inayofanana na meno ya mtu. Kwanza jino husafishwa na kukaushwa. Kisha hupakwa asidi maalumu kwa muda wa nusu dakika hivi, ikaoshwa yote. Asidi hiyo hailikati jino. Huacha tu vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadaye hupakwa kimiminiko chembamba kinachoingia katika vijitundu hivyo. Ndipo ule utomvu huwekwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka humulikwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Kwa sekunde chache huwa gumu. Mwisho mganga hulichonga umbo la jino na kulisugua hata ling'ae. Kazi yote kwa jino moja huchukua nusu saa au saa moja, na ikiwa moyo wa jino haukufikiwa, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiwi. Mtoto aliyeingia akificha kinywa aweza kutoka siku ile ile bila kukificha.

Jambo hili lilianzaje? Mwaka 1955 mganga mmoja wa meno, Michael Buonocore, wa mji wa Rochester katika Marekani, aliangalia kazi ya viwandani. Aliona kwamba chuma kikioshwa kwanza kwa asidi, rangi hukishika vizuri zaidi. Akafikiri, kama ni hivyo kwa chuma, kwa nini isiwe hivyo kwa jino? Akajaribu, na dawa ikashika. Miaka michache baadaye Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alitengeneza utomvu ulio bora zaidi, akaupatia hati ya uvumbuzi mwaka 1962. Na kompositi nyingi za siku hizi zina asili yake katika kazi hiyo. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kulikata jino sana ili dawa ipate mahali pa kujishikiza. Dawa yenyewe hushikamana nalo. Wazee wetu wa Ufipa wasingelishangaa sana kusikia habari hizo. Wao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu yaliyoitwa malungu, ambayo mengine magofu yake yangali yamesimama katika nchi yetu. Walijua vema ya kwamba chuma kisichotakaswa kwanza hakifai kufuliwa jembe. Tena walijua jambo la pili: jembe lililolika hupelekwa kwa mhunzi, halitupwi porini.

Lakini si meno yote huharibika kwa kuanguka. Yaliyo mengi hutoboka polepole. Ukoga uliobaki juu ya meno hula sukari ya vyakula na vinywaji, ukafanya asidi. Na asidi hiyo, ikirudi kila siku, huyeyusha gamba hata tundu likatokea. Katika tundu hapana mdudu anayetambaa, ijapokuwa wako wanaojidai kumtoa na kumwonyesha mgonjwa. Na hapa tena mithali yatufundisha: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tundu dogo huzibwa kwa dakika chache. Tundu lililoachwa mwaka mzima hufika kwenye moyo wa jino. Na wengi wetu hungoja hata usiku ule wa maumivu ambao mtu halali, ndipo humtafuta mganga. Wakati huo mara nyingi kazi iliyobaki ni kung'oa tu. Mgonjwa hurudi kijijini akisema, "Waganga wa meno hawajui ila kung'oa." Kumbe ni yeye aliyewafikia baada ya nafasi ya kutengeneza kwisha.

Yafaa wasomaji wetu wajue habari njema inayoihusu nchi yetu yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, mganga wa meno Mholanzi aitwaye Jo Frencken alikuwa akifanya kazi pamoja na chuo cha waganga wa meno cha Dar es Salaam. Vijijini hapakuwa na umeme wala mashine za kutoboa meno, na watu walikuwa wakipoteza meno ambayo yangeweza kuponywa. Basi ikajaribiwa njia nyepesi: kuufungua mlango wa tundu kwa kifaa cha mkono, kukwangua ule uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, kuacha sehemu iliyo imara, kisha kuziba. Hapakuhitajiwa mashine wala umeme, na mara nyingi hapakuhitajiwa hata sindano. Mgonjwa aweza kulala juu ya meza ya darasa, na kichwa chake kikatazama dirishani penye mwanga.

Baadaye njia hiyo ilipata dawa iliyoifaa zaidi, nayo ni saruji ya kioo, iliyovumbuliwa London na Alan Wilson na Brian Kent, wakaitangaza mwaka 1972. Unga wake huchanganywa na maji yake juu ya karatasi, hutiwa katika tundu, na mganga huugandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta. Saruji hiyo hushikana na jino kwa nguvu zake yenyewe, tena hutoa polepole madini ya floraidi yanayolilinda jino. Mgonjwa huambiwa asile kwa muda wa saa moja, basi. Njia hii ilijaribiwa tena Thailand na Zimbabwe. Na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka saruji ya kioo katika orodha yake ya dawa za lazima. Kweli, haidumu sawasawa kila mahali: tundu la upande mmoja likizibwa hukaa vizuri kwa miaka, bali tundu kubwa lililokula pande mbili za gego hufunguka upesi zaidi. Hata hivyo, kilichoanza katika vijiji vya Tanzania leo chafanyika katika nchi nyingi za dunia. Kwa hiyo mwanakijiji asiseme, "Kuziba meno ni mambo ya watu wa mjini."

Hatuna budi pia kusema neno juu ya watoto wachanga. Katika mikoa mbalimbali ya nchi yetu ilienea dhana, hasa tangu miaka ya 1980, ya kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha ana "meno ya plastiki", yaani meno mabaya yaliyojificha katika ufizi. Naye hupelekwa kwa mtu wa kuyachimbua kwa kisu au kwa msumari. Wapenzi, hapana meno ya plastiki. Vile vyeupe vinavyotolewa ni machipukizi ya meno ya kweli ya mtoto, ambayo bado ni laini. Kuyachimbua huleta damu nyingi, na vidonda vyenye sumu, na maradhi yanayoambukizwa kwa kisu kichafu; na wako watoto waliokufa. Aliyepona huenda akaota meno ya ukubwani yaliyopotoka, au yasiote kabisa. Mtoto mwenye homa atibiwe homa, na anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na apelekwe kwa mganga upesi. Wengi husema ya kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "Tupa uchawi". Basi na tuitupe dhana hii pia.

Sasa twaja kwenye uzuri. Wako wanaofikiri kwamba kutengeneza meno ili yapendeze ni ubatili mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Msichana asiyethubutu kusoma mbele ya wenziwe, na kijana anayeficha kicheko chake, wana mzigo wa kweli, na kuwaondolea ni kazi njema. Kadhalika wako watu waliokulia upande wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anayekunywa maji yenye kupita kiasi wakati meno yake yangali yakifanyika ndani ya taya, huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Hayatoki kwa mchanga wala kwa majivu, ila kusugua hivyo hulila gamba zaidi. Basi mwalimu au mwanafunzi wa namna hiyo akihamia kwetu, asichekwe. Meno ya hivyo nayo mganga aweza kuyafunika kwa kompositi.

Walakini uzuri hutofautiana nchi na nchi. Zamani Wamakonde walichonga meno yakawa na ncha, na Wajaluo waling'oa meno ya mbele ya chini, na kwao huo ndio ulikuwa urembo. Huko Ulaya na Marekani wengi hulipa fedha ili mwanya wa meno ya mbele uzibwe. Kwetu mwenye mwanya husifiwa, na mashairi mengi yameutaja mwanya kuwa pambo la mwanamke. Mwanya si pengo. Asiwepo mzazi wa kuuza mbuzi ili kuziba mwanya mzuri wa binti yake kwa sababu ameona picha ya mtu wa mbali. Na jambo kubwa zaidi ni hili: kuongeza dawa juu ya jino lililovunjika ni kutengeneza, bali kulikereza jino zima ili livikwe ganda jeupe ni kupunguza kile ambacho hakitarudi. Atakayeshauriwa hivyo aulize mara mbili, "Je, jino langu litakatwa? Na kama ndiyo, kwa sababu gani?"

Tena jihadharini na watu wanaopita minadani wakitangaza kung'arisha meno kwa maji makali, na msijaribu kamwe kubandika kipande cha jino kwa gundi ya madukani. Gundi ile huunguza ufizi, na kazi ya mganga baadaye huwa ngumu zaidi. Mganga mwema huanza na ugonjwa kabla ya uzuri: husafisha ukoga, huziba matundu, huponya ufizi, ndipo hutengeneza jino la mbele. Kupaka chokaa nyumba ambayo paa lake lavuja ni kazi bure.

Na jino lililotengenezwa lahitaji adabu. Kompositi hudumu miaka mitano, hata kumi kwa mtu mwangalifu, kisha huenda ikahitaji kurekebishwa. Chai ya rangi, kahawa na tumbaku huibadilisha rangi yake. Asiyemenya muwa kwa meno, wala kufungua chupa ya soda, wala kuvunja mfupa, wala kuuma kucha, atakaa nayo muda mrefu. Ugali wa ulezi na maharage, dagaa na migebuka ya ziwani, vyote havina ubaya, ila mifupa itafunwe kwa magego mazima. Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha njegere kwa mkubwa wake. Atemee mate nje, asimeze. Biskuti na soda ziwe za siku moja moja. Watoto wasizizoee kila siku.

Huenda baadhi yenu mwasema, "Hayo yote ni mazuri, lakini sisi tu mbali." Twajua. Toka Sumbawanga hata Mbeya kwa njia ya Tunduma ni zaidi ya kilometa 300, na wa Mtowisa au Kirando ana safari nyingine kabla ya kufika Sumbawanga. Lakini watu wa pande hizi wamezoea kufuata dawa kwa miguu tangu zamani; wazee walisafiri kwenda kwa Daktari Adrien Atiman huko Karema, aliyewatibu watu toka mwisho wa miaka ya 1880 hata alipofariki mwaka 1956, na jina lake lingalipo katika hospitali moja ya Sumbawanga. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Sumbawanga papo hapo, na kwa kazi iliyo ngumu zaidi mtu aweza kupelekwa Mbeya. Kabla ya kusafiri, ulizeni kwanza siku ambazo mganga wa meno yupo, na kama vifaa vya kuziba au vya kompositi vipo, ili nauli isipotee. Tena ulizeni gharama mapema, mkapange kama mnavyopanga ada ya shule. Na nyumba ikienda mjini kwa sababu nyingine, watoto wote na wakaguliwe meno siku hiyo, hata wasiolalamika. Maana tundu dogo haliumi.

Kwa baba wa msichana yule twasema kwa heshima: nia yako ni njema, lakini fanya subira, mpeleke mtoto akaonwe. Na kwa mwalimu twasema: wakataze wanafunzi lile jina la dhihaka leo, kabla hata jino halijatengenezwa, hiyo ni dawa ambayo haihitaji nauli.

Walimu wanaopenda waweza kusoma mashauri haya mbele ya darasa, hasa yale ya jino lililong'oka, na kuyaandika ukutani karibu na uwanja wa michezo. Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, tutaandika juu ya ufizi unaotoka damu, na sababu zake kwa wakubwa na kwa mama wajawazito.